Dole Gumba la Dada Mwajuma

Usiku ule usingizi ulinikataa kabisa, kwa hiyo ndoto ilinifuata mchana. Ilikuwa Alhamisi, saa nane na dakika zake, baada ya kula. Nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka sebuleni, dirisha wazi, redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo kwa ile sauti yake isiyo na haraka. Nasema mapema kwamba nilikula kidogo, asije mtu akaniambia ni mambo ya tumbo zito. Sufuria lilibaki limejaa kama kawaida. Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka ishirini na sita, na mpaka leo sijajua kupika wali wa mtu mmoja.

Mezani, chini ya kopo la sukari, kulikuwa na karatasi mbili zilizobanwa pamoja kwa pini. Hizo ndizo zilizonikesha. Zilikuwa zimejazwa zote, jina langu, mtaa wangu, mambo yangu, isipokuwa mstari mmoja. Kwenye mstari huo nilikuwa nimeandika kwa penseli herufi moja tu, J, kisha mkono ukagoma.

Nieleze kwanza habari ya karatasi hizo. Miezi kadhaa nyuma nilianza kusahau. Sisemi kule kusahau kwa kila mtu, kutafuta miwani nawe umeivaa. Asubuhi moja nilitoka dukani na sukari yangu mkononi, nikasimama pale njia panda nisijue nyumba yangu iko upande gani. Nimezaliwa Tabora, nimeolewa Tabora, nimezika watu wangu wote Tabora, na nilisimama pale kama mgeni aliyeshushwa na treni. Mwenye duka akachungulia, akaniuliza, "Bi Zena, unamsubiri nani?" Nikamjibu kwamba nasubiri jua lipungue. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikonitisha.

Daktari alinipima, akaniuliza leo siku gani, akanitaka nihesabu kurudi nyuma, akanichoresha saa. Mwisho akakunja mikono yake juu ya meza akasema ugonjwa wa kusahau umeanza, unakwenda polepole, na mambo yangu niyapange sasa hivi, wakati bado ni mimi. Alisema hivyo hivyo, wakati bado ni wewe, mama. Nilitembea mpaka nyumbani nikiyarudia maneno hayo nisije nikayasahau nayo.

Ndipo nikaenda kwa wakili. Ni binti tu, angeweza kuwa mmoja wa wale niliowapikia maharage, lakini ana subira. Akaniambia, "Mama, hii inaitwa hati ya uwakili. Unamtaja mtu mmoja. Ukifika wakati huwezi tena kuamua mwenyewe, yeye ndiye atasema kwa niaba yako. Uishi wapi, utibiwe vipi, nyumba yako ifanywe nini. Nimeiandika iwe ya kudumu, iendelee hata akili itakapochoka. Ila lazima uisaini ukiwa na akili zako timamu, na daktari wako athibitishe. Usichelewe."

"Nimtaje nani?" nikamuuliza.

"Hilo ni lako, mama. Mtu unayemwamini."

Rahisi kusema. Mtoto sikujaliwa. Mume wangu alikufa zamani, nimekaa mjane miaka mingi kuliko niliyokaa na yeye. Ndugu zangu wa tumbo moja walikuwa wawili, kaka yetu na dada Mwajuma, na wote wametangulia. Waliobaki ni watoto wao wawili. Jafari, mtoto wa kaka, yuko Dar es Salaam, ana biashara zake, hunipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Nilipomwambia habari ya hati akasema, "Shangazi, andika jina langu tu, mengine niachie mimi." Na hatanii, akisema atafanya hufanya, tena upesi, kabla hujamaliza kumeza mate. Mwingine ni Rehema, binti wa dada Mwajuma, mwalimu huko Songea. Huyo kwa miaka minne tumekuwa tukitumiana salamu za Idi kwa simu, maneno mawili matatu, basi.

Kwa hiyo usiku ule niliandika J. Nani mwingine aliyekuwa ananipigia?

Sasa dada Mwajuma mwenyewe. Alikuwa karani wa masjala katika mahakama ya mwanzo, chumba kidogo chenye dirisha la mbao na mafaili mpaka darini. Watu wengi waliofika pale hawakujua kusoma, wakaweka dole gumba badala ya saini. Makarani wengine walimshika mtu kidole, wakakichovya, wakakigandamiza, huyo kaondoka. Dada hakufanya hivyo hata siku moja. Alimsomea mtu karatasi yote kwa sauti, taratibu, kisha akaiweka chini na kumwambia, "Sasa niambie wewe mwenyewe, kwa maneno yako, imeandikwa nini." Mtu akikosea, anasoma upya. Foleni inafika barabarani, hakimu anagomba, yeye anasoma. Na akishagonga dole, alitoa kwenye droo kitambaa chenye mafuta ya taa akamfuta mtu huyo wino mpaka kidole kinarudi rangi yake. Alisema mtu asitoke mahakamani na alama. Tulimtania sana nyumbani kwa kunuka mafuta ya taa, tukimwambia asikae karibu na jiko.

Alipostaafu alikaa nyumbani kwake karibu na stesheni. Siku moja tukichambua mchele uani kwake, treni ikapita, akasubiri ipite kwanza, halafu akaniambia, "Zena, nikiugua nisiweze kusema, nisitolewe hapa. Na Rehema ndiye aamue." Nikamwambia aache kujitabiria. Akasema, "Nimekuambia wewe." Tukaendelea na mchele.

Haukupita mwaka, kiharusi kikamwangusha. Mdomo ukaenda upande, maneno yakaondoka yote, mkono wa kulia ukafa na wa kushoto ukabaki unatetemeka. Rehema alipigiwa simu, akasema anatafuta ruhusa na usafiri, atafika siku ya nne. Jafari alifika siku ya pili. Alikuja na gari, na karatasi iliyoandikwa kwamba dada amekubali kuhamia kwake Dar, karibu na hospitali kubwa, na nyumba ya stesheni apewe mpangaji. Dole gumba likawekwa, tukaondoka. Dada alikaa Dar miezi saba katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta, kisha akafa, tukamrudisha Tabora kumzika.

Nimesema likawekwa. Miaka minne nimekuwa nikisema hivyo.

Basi, Alhamisi ile nimelala mkekani, naisikia redio. Inataja marehemu fulani, mjomba wa fulani, shemeji wa fulani, watu wana ukoo mrefu kweli. Halafu redio inakatika, nasikia kiti cha mbao kinaburutwa sakafuni, na pua yangu inajaa harufu ya mafuta ya taa.

Nimekaa kwenye benchi la mahakama. Benchi ni refu mno, linakwenda mpaka mahali nisipoweza kuona, na aliyekaa ni mimi peke yangu. Mapajani nimeshika zile karatasi mbili. Dirisha la masjala linafunguliwa na sauti inasema, "Anayefuata." Natazama kulia na kushoto kwa adabu, labda kuna mtu amenitangulia. Hakuna. Naamka, magoti hayaniumi, nashangaa kidogo kwa hilo, naenda.

Ni dada Mwajuma. Amevaa sweta lake la samawati alilolivaa hata kiangazi, kalamu imechomekwa kwenye kilemba. Na mdomo wake umenyooka. Nilimwona mdomo umenyooka nikataka kulia, kwa sababu nilikuwa nimeshasahau jinsi ulivyokuwa kabla, nikikumbuka uso wake nilikuwa nakumbuka ule wa upande.

"Shikamoo, dada," nasema.

Haitikii. Ananyoosha mkono apokee karatasi, na naliona dole gumba lake. Limejaa wino wa zambarau, mbichi, unang'aa, umeingia kwenye kila mstari wa ngozi. Kitambaa chake kiko pale pale juu ya meza, kimekunjwa. Hajakitumia.

"Nisomee," anasema.

Nafungua karatasi zangu, nakohoa, naanza kusoma kwa sauti. Nilitegemea kukuta jina langu. Lakini macho yanasoma Mimi, Mwajuma, mkazi wa hapa Tabora, nimekubali kwa hiari yangu kuondoka katika nyumba yangu. Nazikunja. Namwambia, "Dada, hizi sizo, nimechanganya, siku hizi nasahau." Nasema kwa haraka, kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye asali.

"Nisomee, Zena. Sijasomewa."

Nataka kusoma. Naapa nilitaka. Nafungua tena karatasi, na dirisha la masjala halipo, ukuta haupo, tuko chumbani kwake nyumba ya stesheni. Amelala kitandani, mdomo umerudi upande. Pazia lile la maua ya njano linapumua na upepo. Nje gari linaunguruma, halijazimwa, na Jafari amesimama upande wa miguuni anatazama saa yake. Hana ubaya usoni. Amechoka, amesafiri usiku kucha, kamletea shangazi yake shuka mpya. Amefungua kibati cha wino wa muhuri na kuifunua karatasi juu ya jalada la msahafu, maana hapakuwa na kitu kingine kigumu cha kuwekea. Hakuna aliyemsomea dada lolote. Miaka thelathini na kitu amewasomea watu wa mji mzima, na siku yake hakupata wa kumsomea.

"Shangazi," Jafari ananiambia mimi, "mshike tu mkono, anatetemeka."

Nikamshika.

Hapa ndoto haikunidanganya hata kidogo, ilikuwa vile vile kama ilivyokuwa. Nilikishika kifundo cha mkono wake wa kushoto, nikalikunjua dole gumba, nikalichovya. Na nilipokuwa nalipeleka kwenye karatasi, mkono wake ukavuta nyuma. Kidogo sana. Mtu mwingine angedhani ni kule kutetemeka. Mimi nimemsuka nywele huyo, nimelala naye kitanda kimoja utoto mzima, nilijua kutetemeka na nilijua kuvuta. Alinitazama. Nikagandamiza.

Kwa nini? Nimejiuliza sana. Gari lilikuwa linaunguruma. Jafari ni mwanamume, ana uwezo, ana mipango. Mimi nilikuwa na maneno tu niliyoambiwa uani tukichambua mchele, hayakuandikwa popote, nikaona aibu kuyatoa. Nilijisemea kwamba hospitali kubwa ni heri yake. Nilikuwa mwoga, na huo ndio ukweli wenyewe.

Pazia la maua ya njano linapumua, linapumua, kisha ni ukuta. Chumba cha Dar. Rehema ameingia na begi bado liko begani, vumbi la safari kwenye nyusi. Alikuwa amefika Tabora akakuta nyumba imefungwa kufuli, akageuza na kutufuata huku. Anapiga magoti kitandani, anachukua mkono wa mama yake, anaona dole gumba. Halikuwa limefutwa, hakuna aliyekumbuka. Anageuza uso kwangu.

"Mama mdogo. Nani alimshika mkono?"

Siku ile nilimjibu, "Sijui, mwanangu. Nilikuwa jikoni."

Katika ndoto nafungua mdomo nimjibu vingine, safari hii nimwambie kweli, na maneno yanatoka yale yale. Nilikuwa jikoni. Na kwa kuwa nimesema niko jikoni, basi niko jikoni.

Ni jiko la shule. Masufuria yangu makubwa yote yapo mekoni, mwiko mrefu kama mpini wa jembe uko mkononi, mvuke umejaa. Nakoroga. Kengele inagongwa, napakua. Sahani mia mbili, mia tatu, nazipanga kwenye meza ndefu, kila moja na mchuzi wake, na hakuna anayekuja. Nasubiri vishindo vya wanafunzi. Nachungulia mlangoni, uwanja mtupu, bendera imeteremshwa. Narudi, napakua tena, kwa sababu sijui kufanya kitu kingine. Chakula kinapoa mbele yangu. Nilihisi upweke ambao sijauhisi hata siku ya kumzika mume wangu, upweke wa mtu aliyepika na hakuna wa kumwambia karibu.

Kwenye mwisho wa meza, mbali, mtu amekaa. Ni dada. Mdomo umenyooka tena. Mbele yake hakuna sahani, kuna kile kitambaa. Ananisogezea.

Nakaa karibu naye, nakichukua, naanza kumfuta. Nasugua polepole kama alivyokuwa akiwafuta watu wake, kutoka shina la kidole kwenda juu. Wino hautoki. Nasugua zaidi. Haupungui kwake, lakini nauona unapanda kwangu, kwanza kwenye ncha za vidole, kisha pembeni mwa kucha, zambarau ile ile. Naficha mkono chini ya meza. Naona haya, hata huko ndotoni.

"Nilikuambia wewe," anasema dada.

Hasemi kwa hasira. Laiti angekasirika.

"Nisamehe, dada."

Aliziangalia zile sahani zote zilizopoa, akahesabu kwa macho, akanirudia.

"Na wewe? Umemwambia nani?"

Nikafikiri. Natafuta jina, nalitafuta kwa bidii, kama nilivyoitafuta njia ya nyumbani pale dukani. Umemwambia nani, Zena, kwamba hutaki kulishwa ukiwa umelala chali, unataka kuketishwa? Nani anajua kwamba uji wa sukari nyingi unakutapisha? Kwamba usifichwe chumba cha nyuma wageni wakija, hata ukiropoka. Kwamba unataka kuzikwa hapa, upande wa miguu ya dada yako. Jafari anajua? Jafari hajawahi kuuliza, na mimi sijawahi kusema, tunaongea kila Ijumaa habari za mvua. Hakuna mtu hata mmoja chini ya jua anayejua ninavyotaka kuishi nikishindwa kusema.

"Sijamwambia mtu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa, akanyanyuka, akachukua kitambaa chake na kukitia mfukoni mwa sweta. Kidole chake bado cha zambarau. Nikamshika nguo.

"Dada, nimwandike nani? Niambie jina tu."

"Sikiliza," anasema, na anainua uso upande wa dirisha.

Nikasikia treni. Mbali kwanza, halafu honi ndefu, ikaingia jikoni, ikaingia kwenye masufuria, na nguo yake haikuwa tena mkononi mwangu.

Ilikuwa treni kweli. Inapita saa hizo. Redio ya jirani ilikuwa imeshahamia kwenye muziki, na mto wangu ulikuwa umelowa upande mmoja. Nilikaa kitako mkekani nikakitazama kidole changu. Kilikuwa safi, kinanuka kitunguu.

Jina hakunipa. Nilikaa pale nikimlaumu kidogo, maana hata akiwa hai alikuwa na tabia ya kukuacha umalize mwenyewe. Kisha nikakumbuka kwamba jina alishanipa. Alinipa tukichambua mchele. Rehema ndiye aamue. Mtu aliyetakiwa kusema kwa ajili ya mama yake, nikamnyang'anya haki hiyo mimi kwa mikono yangu, na juu yake nikamdanganya. Nilijua tangu siku ya kwanza kwa wakili kwamba ndiye ninayemwamini. Nilichokuwa sikitaki ni kupita mlango wa kufika kwake.

Nilichukua simu kabla ujasiri haujapoa. Mara ya kwanza haikupokelewa. Nilipopiga ya pili nikasikia kelele za watoto, halafu mlango unafungwa.

"Mama mdogo? Kuna nini?"

Hivyo ndivyo anavyouliza mtu ambaye humpigii simu ila kwa msiba.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimemwota mama yako."

Nikasikia kiti kinavutwa huko kwake, amekaa.

"Amekuja na dole gumba lina wino," nikamwambia. "Rehema, uliniuliza swali siku ile. Sikuwa jikoni. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Alivuta nyuma, nikahisi kabisa anavuta, na nikagandamiza. Hakuna aliyemsomea. Na alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba asitolewe pale na kwamba uamue wewe, na sikufungua kinywa."

Nilisema yote kwa pumzi moja, kisha nikangoja anikatie simu. Nilikuwa tayari. Nilishatengeneza hata maneno ya kujiambia baada ya kukatiwa.

"Najua, mama mdogo."

"Unajua nini?"

"Siku ile nilipofika ulinipa uji. Ulikishika kikombe kwa mikono miwili. Kucha zako zilikuwa na wino pembeni."

Miaka minne. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango ulio wazi, mzima mzima, nadhani sionekani.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri useme wewe," Rehema akasema. "Nimekasirika nawe sana, mama mdogo. Bado nimekasirika. Usifikiri kwa kuwa umesema basi yamekwisha."

"Sifikiri."

Nikawa nasikia watoto wa shule huko Songea wakicheza mbali. Nilitaka kukata, nimeshatua mzigo, niende zangu. Lakini nilikuwa sijamaliza, na safari hii sikutaka kuacha katikati. Nikamweleza. Njia panda ya dukani, daktari, wakili, karatasi mbili. Nikamweleza kwamba mstari mmoja hauna jina na siku zangu za kuweza kuujaza zinahesabika, nikamwambia pia ile J ya penseli, nisifiche kitu tena.

"Sina haki ya kukuomba," nikasema. "Nakuomba."

Nikaitazama simu kama bado imewaka.

"Hizo karatasi unazo hapo?"

"Ninazo."

"Zisome," akasema. "Kwa sauti, taratibu, zote. Ukimaliza uziweke chini, uniambie kwa maneno yako mwenyewe zimeandikwa nini. Nikiona hujaelewa, tunarudia."

Nikashika ukingo wa meza. Nilimjua aliyekuwa anasema vile. Harufu ya mafuta ya taa haikuwepo, kulikuwa na wali wangu tu unaopoa kwenye sufuria, lakini nilimjua.

Nikaondoa kopo la sukari, nikavaa miwani, nikaanza kusoma. Mimi, Zena, mkazi wa hapa Tabora, nikiwa na akili zangu timamu. Nikafika kwenye ule mstari, nikaisugua J kwa dole gumba mpaka ikafutika, na kidole kikabaki na doa la kijivu. Namteua, nikasoma, kisha nikasita, maana mbele yake hapakuwa na kitu cha kusoma.

"Rehema binti Mwajuma," nikasema.

"Endelea," akasema Rehema.